Safari Ndani ya Chumba
Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Mhariri wetu amebandika tangazo ya kuwa kila mwenye kitabu alichokipenda aandike habari zake kwa ajili ya gazeti la muhula huu. Mimi ninacho kimoja, nacho si kitabu cha hadithi wala si cha mtihani. Ni kitabu cha mama mmoja aliyefungwa peke yake kwa muda wa miaka saba. Ningeweza kueleza yaliyomo kwa ukurasa mmoja tu nikanyamaza, lakini mwaka juzi nilikaa siku 61 katika chumba kimoja, peke yangu, na mama huyo ndiye aliyenifundisha la kufanya humo. Kwa hiyo wenzangu wataniwia radhi nikichanganya habari za kitabu na za chumba, maana kwangu mimi hazitengani tena.

Kitabu chenyewe chaitwa Seven Years Solitary, kikapigwa chapa mwaka 1957, na mwandishi wake ni Bibi Edith Bone. Alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwaka 1889. Alisomea udaktari, lakini kazi aliyoifanya zaidi ni ya kutafsiri vitabu, kwani alijua lugha sita barabara. Baadaye akawa raia wa Uingereza. Kwa miaka mingi alikuwa mkomunisti wa kweli, na jambo hili msomaji asilisahau, kwa sababu waliokuja kumfunga walikuwa ni wakomunisti wenzake.

Mwaka 1949 alikuwa Budapest kwa kazi. Wakati ule Hungaria ilikuwa mikononi mwa Mátyás Rákosi, mtu ambaye polisi wake wa siri waliogopwa hata na mawaziri. Mwaka huo huo László Rajk, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani na kisha wa mambo ya nje, alinyongwa kwa mashtaka ya uwongo. Basi Bibi Bone alipokwenda uwanja wa ndege ili arudi London, alikamatwa. Walimwambia kwamba yeye ni jasusi wa Waingereza, na kwamba akitia sahihi karatasi ya kukiri mambo yatakuwa mepesi. Alikuwa na umri wa miaka 60 na miguu yake ilikuwa inauma kwa baridi yabisi. Akakataa. Kesi yake ilisikilizwa kwa siri, wala ulimwengu haukuambiwa kitu. Tangu siku ile ya uwanja wa ndege mpaka mwaka 1956 hakuwa na mwenzi chumbani hata mmoja, na baadhi ya miezi hiyo alikaa katika giza tupu.

Nimepata kusoma kwamba Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizokubaliwa mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, umeeleza maana ya kifungo cha upweke: kumweka mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila ya kuchanganyika na watu kwa namna ya maana. Tena kanuni hizo zakataza jambo hilo lisipite siku 15 mfululizo. Siku 15! Miaka saba ni zaidi ya siku 2,500. Na sababu ya kukataza si huruma tu. Imekwisha kuonekana katika nchi nyingi kwamba mtu akiachwa hivyo akili yake huanza kujila yenyewe. Husikia sauti zisizokuwepo, husahau maneno, huwa hajui kama jambo limetokea ama ameliota. Serikali katili zalijua hilo vizuri. Fimbo huacha alama, na siku moja alama huonyeshwa hakimu, lakini chumba kitupu hakiachi alama ya kuonyesha.

Sasa nitaeleza alivyofanya. Alipewa mkate, ule mkate mbaya wa gerezani, na badala ya kuula wote alifinyanga vidonge vidogo vidogo akavikausha, akatengeneza chombo cha kuhesabia, mfano wa vile tulivyochezea darasa la kwanza. Kwa chombo hicho akaanza kazi ambayo hapana mtu aliyemtuma. Alihesabu maneno yote anayoyajua katika kila lugha yake, moja baada ya jingine. Kwa Kiingereza peke yake alipata zaidi ya maneno 27,000. Kisha akafinyanga herufi kwa mkate huo huo, maelfu ya herufi, akawa anapanga mashairi juu ya meza kama mpiga chapa. Alikumbuka mashairi aliyojifunza tangu utotoni na kuyatafsiri kutoka lugha moja hata nyingine. Na alikuwa akitembea. Alizunguka chumbani, lakini kichwani mwake alikuwa akitembea katika miji aliyoijua ya Ulaya, mtaa kwa mtaa, akipita mbele ya majumba na makanisa na kuyatazama.

Mwalimu wetu mmoja nilipomsimulia haya alisema, "Basi alikuwa akiota ndoto za mchana ili asahau." Namheshimu sana mwalimu huyo, lakini hapo sikubaliani naye, na kutokubaliana huko ndiko hasa kulikonifanya nishike kalamu. Ndoto ya mchana ni kitu kingine kabisa. Nazijua zote mbili, na nitaeleza nilivyozijua.

Mwaka juzi, nikiwa Kidato cha Nne, nilishikwa na kikohozi kisichokwisha. Nilipopimwa ikaonekana ni kifua kikuu, tena kile kiitwacho kifua kikuu sugu, ambacho dawa za kawaida hazikiwezi. Mgonjwa wa namna hii hutengwa mpaka makohozi yake yaonekane hayana tena vijidudu, ili asiwaambukize wengine. Nikapelekwa hospitali moja huku kaskazini, mbali na kwetu Lushoto, nikapewa chumba changu. Sikufungwa, wala sitaki mtu anielewe vibaya. Mlango haukuwa na kufuli, wauguzi walikuwa wema, chakula kilikuja kwa wakati, na kila mtu pale alitaka nipone. Tofauti ya chumba changu na cha Bibi Bone ni kama tofauti ya kufunga Ramadhani na kufa njaa. Lakini sikuruhusiwa kutoka, simu sikuwa nayo, vitabu viwili nilivyokuja navyo nilivimaliza kwa siku nne, na kila aliyeingia alifunika uso kwa barakoa hata nikawa nawajua watu kwa macho yao tu. Bibi yangu alikuja mara moja kutoka Lushoto. Alisimama nje chini ya mwembe, nami nikasimama dirishani, tukapungiana mikono.

Siku nane za kwanza nilifanya kile ambacho mwalimu wetu anakiita ndoto za mchana. Nilijilaza nikajiwazia niko nyumbani, nimekaa jikoni kwa bibi, ugali umepakuliwa, wadogo zangu wanacheka. Mawazo hayo yalikuwa matamu kwa muda wa dakika kumi. Kisha nilikuwa nafumbua macho naona dari, na dari ile ilikuwa mbaya kuliko kabla sijafumba. Kila nilipokwenda nyumbani kwa njia hiyo nilirudishwa kwa nguvu. Siku ya nane jioni nilikohoa nikaona damu katika kitambaa. Usiku ule sikulala, nililia, na kila nilipojaribu kulikimbilia jiko la bibi nililiona limejaa watu waliokuja msibani.

Ndipo nikamkumbuka yule mama. Nilikuwa nimekisoma kitabu chake muhula uliotangulia, na jambo lililonirudia si ushujaa wake. Ni ile hesabu. Niliona ya kuwa yeye hakurukia mwisho wa safari. Alipotaka kwenda mji fulani alipita njia ile ile ambayo angepita kwa miguu, bila kukata kona, na kama jina la mtaa limempotea alisimama akalitafuta. Niliazimu kujaribu.

Chumba changu kilikuwa hatua sita kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilikisia kwamba hatua 1,500 za mgonjwa ni kilomita moja, maana yake kukivuka chumba mara 250. Nilichukua mbegu kumi za chungwa nikaziweka juu ya kizingiti cha dirisha, na kila nikivuka chumba mara 25 nilisogeza mbegu moja. Mbegu zote zikiisha, kilomita imetimia. Kilomita moja asubuhi, moja jioni, baada ya dawa. Nikaanzia stendi ya mabasi ya Moshi, siku ya tisa, kuelekea nyumbani kwa barabara kuu ya kwenda Tanga. Niliona aibu kidogo mbele ya muuguzi wa zamu, nikamwambia nafanya mazoezi ya mapafu. Alifurahi sana na akaniandika katika daftari lake.

Kumbe kazi ni ngumu! Mtu akisema "naijua njia ya kwetu," aulizwe vizuri. Nilikuwa nimepita barabara ile kwa basi zaidi ya mara kumi, hata hivyo nilipotaka kupita mbele ya kila kitu kwa mpango wake nilikwama kabla ya kufika Himo. Je, lile daraja liko kabla ya kituo cha mafuta au baada yake? Mashamba ya mkono wa kulia ni ya mahindi au ya alizeti? Nilisimama katikati ya chumba nimekunja uso, na saa nzima ilipita bila ya mimi kukumbuka kuwa ni mgonjwa. Hiyo ndiyo tofauti niliyotaka kueleza. Ndoto ya mchana haikuulizi swali, hukupa kila unachotaka, kwa hiyo huisha upesi. Njia ya kweli ina ukweli wake nje ya matamanio yako. Huwezi kuweka daraja mahali ulipopenda. Na akili ikipata kitu kigumu cha kushikilia haina nafasi ya kujila.

Hofu haikuondoka, sitadanganya. Lakini iliwekewa zamu. Ilikuja usiku, na mchana ilingoja kama wengine.

Wiki ya nne, karibu na Kifaru, nilisikia sauti ikitoka dirisha la chumba cha pili. Katika hospitali za kifua kikuu madirisha huachwa wazi mchana na usiku ili upepo upite, kwa hiyo mtu aliyesimama dirishani kwake aweza kumsikia jirani ingawa hawaonani.

"We kijana, nakusikia unahesabu tangu asubuhi. Unahesabu nini?"

"Shikamoo babu. Nakwenda nyumbani."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Kifaru, babu."

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Eh! Na nyumbani ni wapi?"

"Lushoto."

"Basi una safari."

Mzee huyu alikuwa Mpare, kwao ni karibu na Same, na alifanya kazi miaka mingi katika machimbo ya tanzanaiti kule Mererani, ambako vumbi la mawe lilimharibu mapafu kabla ya ugonjwa kumkuta. Hakwenda shule ila miaka minne. Nilimweleza habari za Bibi Bone kupitia dirishani, vipande vipande, siku tatu. Alinyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitazamia: kwamba yeye naye, tangu aletwe pale, kila usiku asipopata usingizi huteremka shimoni. Huanza juu, hushika ngazi ya kwanza, huteremka kipandio kwa kipandio mpaka chini, akijua wapi mwamba umetokeza na wapi lazima uiname, na wapi hewa hubadilika. Hufika chini, hugonga kidogo, hupanda. "Mara nyingi napata usingizi kabla ya kutoka," alisema. Nikamuuliza kwa nini asiende mahali pazuri zaidi kuliko shimo lililomtia ugonjwa. Akanijibu, "Pazuri sipajui hivyo."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Wako watakaosema kwamba Bibi Bone aliokoka kwa sababu ya elimu yake na lugha zake sita, na kwamba mtu wa kawaida angeangamia. Mzee wa Mererani hakuwa na lugha sita, alikuwa na shimo moja, lakini alilijua kama Bibi Bone alivyojua Kiingereza. Yaelekea kwamba kinachofaa si wingi wa ulichonacho kichwani, bali kama kina mpangilio na kama ulikitazama vizuri wakati kilipokuwa mbele yako.

Hapa ndipo niwakumbushe wenzangu wa mkondo wa lugha juu ya kitabu ambacho wengi tunacho mezani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuikosoa serikali ya Kenya, yenye jina "Kenya: Twendapi?" Alifungwa miaka mitatu, katika upweke, Kamiti na Shimo la Tewa, akatoka mwaka 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyopigwa chapa mwaka 1973, aliyaandika humo kwa siri juu ya karatasi za chooni. Darasani tumezoea kuuliza maudhui yake ni nini. Mimi siku hizi najiuliza swali jingine: kwa nini shairi la vina na mizani? Mtu aliyebanwa hivyo angeweza kulia ovyo. Lakini shairi letu la jadi halikubali ovyo. Lina mizani yake, nusu mbili za mstari hazina budi kulingana, kina cha kati kina mahali pake. Ni kama lile daraja langu la barabara ya Himo: huwezi kuliweka unapopenda. Tena shairi la namna hiyo hubebeka bila karatasi, kwani neno likipotea kina chake hukuambia limepotea, na askari hawezi kulipekua. Sisi tunaonung'unika tunapoambiwa tukariri beti sita tungejua watu wengine wamekaa ndani ya beti ngapi. (Kejeli ni kwamba mwaka 1974 kitabu hicho kilipata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, yaani rais yule yule ambaye katika utawala wake mtunzi alifungwa.)

Mwingine ni Albie Sachs wa Afrika Kusini. Yeye alikuwa wakili wa Cape Town, Mzungu, akiwatetea watu walioshtakiwa kwa sheria za ubaguzi. Mwaka 1963 serikali ya makaburu ilitunga sheria ya kumfungia mtu siku 90 bila mashtaka, na siku 90 zikiisha waliweza kumkamata tena papo hapo. Sachs alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka huo akakaa siku 168 peke yake. Naye alitafuta mpangilio: aliimba nyimbo alizozijua kwa kufuata alfabeti, A kisha B kisha C, na kama herufi haina wimbo aliitafutia. Na siku moja alipopiga mluzi, mtu mwingine ambaye hakumwona alimwitikia kwa mluzi kutoka sehemu nyingine ya gereza. Wakawa wanapigiana.

Namtaja Sachs kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1988 maadui wake walimtegea bomu garini, kule Maputo, akapoteza mkono mmoja na jicho moja. Baadaye Mandela alimfanya jaji wa Mahakama ya Katiba. Huyu aliyekatwa mkono na bomu amesema ya kwamba upweke wa kifungo ulimwumiza zaidi kuliko bomu. Basi mtu asisome makala haya akadhani nasema kwamba kichwa kikiwa na mashairi ya kutosha kifungo huwa si kitu. Wengi waliokuwa na akili kuliko sisi walivunjika humo, na hawakuvunjika kwa uvivu. Waliovunjwa wasilaumiwe, aliyewavunja yuko.

Narudi kwa mzee wangu. Tangu siku ile ya Kifaru alikuwa akiniuliza kila jioni, "Umefika wapi leo?" Nami lazima niwe na jibu. Nilipita Mwanga, milima ya Upare iko mkono wangu wa kushoto, na upande wa kulia, mbali, nyika ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Njia hii yeye aliijua kuliko mimi, na hakunisamehe kitu.

"Nimetoka Mwanga, babu, kesho kutwa naanza kuikaribia Same."

"Wapi! Umeirukaje Lembeni? Rudi."

Nikarudi. Ilinigharimu siku nzima. Akanieleza Lembeni ilivyo, nami nikaipita kwa heshima zote.

Siku ya 44 aliruhusiwa kutoka. Alikuja akasimama nje, chini ya mwembe ule ule, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwembamba, amevaa koti kubwa la kuazima. Kwa sauti ile nilikuwa nimemfanya pande la mtu. Akaniambia, "Ukifika Same uliza kwangu, wanijua." Kisha akaenda zake na mwanawe.

Siku tatu baada ya hapo sikwenda popote. Mbegu zilikaa kizingitini. Haikuwa rahisi kuanza tena, maana sasa hapakuwa na wa kuniuliza nimefika wapi, na hapo nilimfikiria Bibi Bone kuliko wakati wowote mwingine. Mimi niliulizwa jioni 16 tu, nikazizoea hata nikawa siwezi bila hizo. Yeye hakuulizwa kwa miaka saba. Kila jioni alijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe kwa ukweli, maneno mangapi leo, mtaa gani leo, wala hakujidanganya katika hesabu ingawa hapana ambaye angejua. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kukataa kutia sahihi.

Siku ya 48 nikasogeza mbegu ya kwanza. Siku ya 61 daktari alikuja bila barakoa. Sikuelewa mpaka alipoketi kitandani. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimekwenda kilomita 98 na Same nilikuwa sijaingia.

Bibi Bone alitoka katika siku za mapinduzi ya Hungaria ya mwaka 1956, wakati gereza la kisiasa la Budapest liliposhikwa na wanafunzi. Siku chache baadaye vifaru vya Warusi viliingia mjini na mapinduzi yakazimwa, lakini yeye aliwahi kuondoka. Alifika Uingereza akiwa na miaka 67, akaandika kitabu mara moja, akaishi mpaka mwaka 1975. Mwandiko wake hauna machozi hata kidogo. Mara nyingine ni mkali, hasa anapowasema askari wajinga, na pengine ana kiburi. Mimi nadhani mtu asiye na kiburi asingefika.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani kwa basi nikakaa dirishani upande wa kushoto na daftari. Nilipokuwa nasafiri zamani, kutoka Same mpaka Mombo abiria hufunga mapazia kwa sababu ya jua, nami sikujua kitu cha sehemu ile. Safari hii nililishika pazia kwa mkono, abiria wa nyuma akanung'unika, nikaandika Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mazinde, na kila daraja lililo katikati. Kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto sikuhitaji kuandika, ile naijua. Pale Same basi lilisimama dakika kumi. Niliteremka nikauliza kwa muuza machungwa. Kweli wanamjua. Alisema mzee hajambo ila hapandi tena mlima, na nyumba yake ni mwendo wa saa moja kutoka barabarani, na dereva alikuwa amekwisha kupiga honi. Nimemwandikia barua.

Kitabu kimo katika maktaba yetu, rafu ya chini kabisa karibu na dirisha. Hakina jalada, kwa hiyo anayekitaka amwulize mkutubi kwa jina la mwandishi. Kiingereza chake si kigumu.